Kaka Yangu Alimgawa Bintiye Ili Apate Msaada wa Ada

Jumapili moja ya mwezi wa tatu, kaka yangu alikuja kwangu na bakuli la saladi ya viazi. Akaliweka mezani, akavuta kiti, akanipa mtoto.

Sio mtoto mchanga, tulieni. Ni binti wa miaka kumi na sita, anaitwa Delaney, mwenye meno yaliyopangika kuliko yote hapa jimboni Illinois, Marekani. Baba yake ndiye daktari anayewafunga nyaya za meno nusu ya watoto wa mji wetu.

Na msidhani baba alikuwa mlevi, au mahututi, au kafilisika. Kaka yangu Wendell ana nyumba yenye bwawa la kuogelea. Ana boti pia, imelala uani imefunikwa turubai mwaka mzima, kwa sababu ziwa liko mbali na yeye mwenyewe maji anayaogopa.

Mimi naitwa Lorna. Kazi yangu ni kuosha na kunyoa mbwa wa watu. Nyumba yangu ndogo iko nyuma ya kituo cha mafuta, sina mume, sina mtoto, na mwisho wa mwezi mfukoni kunabaki vumbi.

Hilo vumbi ndilo lililomleta Wendell.

"Lorna, mdogo wangu," alianza. Huyu akianza na "mdogo wangu" ujue kuna mzigo wa kubeba. "Wewe ni maskini."

"Karibu saladi," nikamwambia.

"Usinielewe vibaya. Umaskini wako una thamani kubwa sana sasa hivi."

Jamani, nimeitwa majina mengi maishani, lakini kuitwa fursa ilikuwa mara ya kwanza.

Pembeni alikuwa amekaa mke wake, wifi yangu Paige, amevaa sweta lenye jina la chuo. Kile chuo cha matofali mekundu ambacho amekipenda tangu Delaney ananyonya. Mtoto alikuwa hata hajaomba nafasi, mama ameshanunua sweta, kikombe, na kibandiko cha kioo cha nyuma cha gari. Ada ya mwaka mmoja pale unanunua gari jipya. Na masomo ni miaka minne.

Akiba ya chuo waliwahi kuwa nayo. Ikageuka boti.

Sasa huku kwetu chuo kinamuuliza mtoto: baba na mama wanaingiza nini? Wakiwa nacho, wanalipa. Wakiwa hawana, wanasaidiwa. Wendell anacho, tena cha kumwaga. Ndipo akampata mshauri wa vyuo, jamaa wa suti na meno meupe, akawauzia mchongo: nendeni mahakamani, kabidhini ulezi wa mtoto kwa ndugu asiye na kitu. Kuanzia hapo chuo hakiangalii tena mfuko wa baba. Kinaangalia mfuko wa mtoto, na mtoto anauza aiskrimu likizo ya kiangazi.

"Ni halali?" nikauliza.

"Kabisa! Mshauri amesema."

"Na yule mtoto ambaye kweli hana baba, msaada wake utatoka wapi?"

"Wifi," Paige akadakia, "tusilete siasa kwenye chakula."

Nikamgeukia Delaney. Alikuwa anachokonoa viazi kwa uma. "Na wewe unasemaje, mama?"

"Ni karatasi tu, Shangazi," akasema. "Baba amesema nitalala kwako wiki mbili, basi."

Nikakubali. Haya, nihukumuni. Ila huyo binti nampenda tangu siku aliyozaliwa, na mtu akikuletea unachokipenda hadi mezani kwako, ni wangapi mnaokirudisha?

Mahakamani ilichukua muda mfupi kuliko kunyoa mbwa mmoja mwenye manyoya ya kusokotana. Jaji akamuuliza Wendell kama amekubali. Amekubali. Akamuuliza Paige. Amekubali. Akamuuliza Delaney. Akawatazama wazazi wake kwanza, kisha akasema ndiyo.

Nje Wendell akagonganisha kiganja na mtoto, kama wamefunga bao. Paige akatununulia kahawa. Mchongo umeiva.

Kumbe mshauri ana mwendelezo.

Wiki mbili hazitoshi, akasema. Chuo kinaweza kuchunguza, kwa hiyo mtoto aishi kwa mlezi kweli kweli. Simu yake ihamie kwenye jina la mlezi. Akiumwa, apelekwe na mlezi. Wazazi wasimpe hata hela ya soda, na shuleni wasionekane. Kila wiki mshauri alikuwa na jipya, na kila jipya Wendell alilipokea kama sauti imetoka mbinguni.

Delaney akahamia kwangu na mabegi mawili. Jumamosi alinisaidia kuosha mbwa, akalowa mpaka kwenye soksi, akacheka. Nilikuwa sijawahi kusikia kicheko cha mtu mwingine ndani ya ile nyumba, nikasema moyoni, Lorna, usizoee.

Mwezi wa tisa baridi ikaanza kuuma asubuhi. Akaenda kwao kuchukua koti. Hakukaa hata nusu saa, akarudi na koti na mto.

"Mbona mto?"

"Kitanda hakipo, Shangazi. Mama amefanya chumba changu cha mazoezi. Kuna mikeka na chupa za maji."

Nikampigia Paige hapo hapo.

"Wifi, jamani, sio mimi!" akalia. "Mshauri amesema wakija kukagua wasikute chumba cha msichana."

"Nani anakuja kukagua?"

"Huwezi kujua!"

"Na hiyo mikeka ni ya wakaguzi?"

Akakata simu. Tukala tambi za jibini. Delaney akaweka uma chini.

"Shangazi, mambo haya yakiisha nitarudi nyumbani, si ndiyo?"

"Utarudi, mama."

"Mwezi gani?"

Nikainuka kuongeza jibini ambayo hakuna aliyeihitaji. Na kuanzia jioni hiyo likawa ndilo swali la nyumba yetu. Tulipokuwa tukiosha vyombo lilikuwepo, tulipokuwa tukitazama runinga lilikuwepo. Nilitaka arudi kwao kwa sababu ndiyo haki yake, na nilitaka abaki kwa sababu nampenda. Nikawa nachukia vyote viwili.

Ikaja mechi ya mwisho ya nyumbani. Delaney anacheza mpira wa wavu. Siku hiyo wanafunzi wa mwaka wa mwisho huitwa mmoja mmoja, wanaingia uwanjani wameshikana mikono na baba na mama, mama anapewa ua, watu wanapiga makofi, akina baba wanasingizia vumbi limewaingia machoni.

Wendell na Paige walikuja. Haki ya Mungu walikuja. Wakakaa upande wa mashabiki wa timu ngeni. Paige kajitanda mtandio mpaka kwenye nyusi. Wendell kavaa kofia na miwani ya jua, ndani ya ukumbi, jioni, kama jasusi aliyefukuzwa kazi kwa uzembe.

Mechi ikaanza. Timu ngeni ikapata pointi, upande mzima ukasimama. Wendell akasimama pia, akapiga makofi ili asishtukiwe.

Wakati wa kuitwa ukafika. Spika ikanguruma: "Delaney Hostetler, akisindikizwa na mlezi wake, Lorna Hostetler!"

Nikaingia na manyoya ya mbwa kwenye sweta langu. Nilifurahi mpaka nikajionea aibu. Mkono wa Delaney ulikuwa na jasho na macho yake yalikuwa upande wa wageni.

"Amewapigia makofi wale, Shangazi," akaninong'oneza. "Walipotufunga."

"Alikuwa anajificha, mama."

"Najua. Amejificha vizuri."

Mnadhani imetosha? Bado. Wendell akianza kazi huimaliza.

Kila Desemba Paige hutuma kadi ya picha ya familia kwa watu wote anaowajua na wengi asiowajua. Wote huvaa nguo za kulalia zinazofanana, nyekundu za mirabaraba, mbele ya mti wa Krismasi. Mtoto wao ni mmoja tu, Delaney, na siku zote hukaa katikati.

Mwaka huo kadi ikafika kwangu. Wendell kulia, Paige kushoto. Katikati, mbwa wao, naye kavalishwa nguo ya kulalia. Chini imeandikwa: Heri ya Krismasi kutoka kwa familia nzima.

Nzima!

Nikapiga simu. "Wendell, umemweka mbwa, mtoto umemwacha?"

"Lorna, kadi ni ushahidi. Watu mia mbili wanaipata. Mshauri amesema..."

"Mshauri akikwambia umle mtoto, utamla?"

"Usianze! Haya yote ni kwa ajili yake. Mwenyewe anaelewa. Anaelewa, si ndiyo?"

Delaney alikuwa nyuma yangu, mikono ina povu la sabuni. "Mwambie naelewa," akasema.

Akaichukua kadi akaibandika kwenye mlango wa friji. Toka siku ile hakuniuliza tena mwezi gani. Nilingoja aniulize. Siku zikapita, nikaanza kuogopa.

Masika yakaingia, na chuo kikamkubali. Paige alinipigia kwa simu ya jirani, maana ya kwake inaweza kufuatiliwa, akapiga kelele mpaka mbwa niliyekuwa namnyoa akanikimbia na nusu ya manyoya. Kibandiko kikatua kwenye kioo cha gari siku hiyo hiyo. Kisha mtu akamkumbusha kwamba kwa mujibu wa mchongo yeye hana mtoto chuoni, akakibandua kwa wembe huku analia.

Halafu ofisi ya misaada ya chuo ikaita. Wanataka kutuona wote, ana kwa ana: mwanafunzi, mlezi, na wazazi waliomkabidhi. Wasiokuja, msaada hakuna.

Wendell akafanya mazoezi wiki nzima ya kuwa baba mbaya. Mbele ya kioo! Paige aliniambia. Anakunja uso, anasema "sikumbuki," anajipa maksi.

Tulipokewa na mama mmoja wa makamo, Bi Trujillo, miwani imening'inia kifuani kwa mnyororo. Hakuwa mkali. Alitupa viti, akatupa maji, akaanza na kaka yangu.

"Daktari Hostetler, mara ya mwisho kula chakula na binti yako ilikuwa lini?"

"Sikumbuki," akasema Wendell. Vizuri kabisa, kama alivyofundishwa.

"Tangu amekabidhiwa kwa shangazi yake, amelala kwenu hata mara moja?"

"Hapana."

"Chumba chake kipo?"

Paige akajibu. "Hapana. Tuna... hapana."

"Akiumwa?"

"Shangazi yake anampeleka."

Wendell alikuwa anapaa. Niliona kwenye mabega, anashinda. Bi Trujillo akavaa miwani.

"Kocha wake wa mpira wa wavu anaitwa nani?"

Hilo hawakulifanyia mazoezi. Wendell akafungua mdomo, akaufunga.

"Rafiki yake wa karibu, je? Na huyo humjui?"

Kaka yangu akamtupia Delaney jicho la wizi, kama mwanafunzi anayetaka kuonyeshwa jibu. Delaney hakumwonyesha.

"Simjui," akasema Wendell, na safari hii sauti ilikuwa ya kwake mwenyewe.

Bi Trujillo akamgeukia binti. "Delaney, sikiliza. Nikiandika hivi walivyosema, unapata msaada wote. Lakini nataka nisikie kwako. Wamesema kweli?"

Sikilizeni vizuri. Neno moja lilitosha. Angesema wanaigiza, kila kitu kingeporomoka pale pale. Wendell angeuza boti, angetukana, angelipa, na mtoto angerudi kwao. Aibu yangu na mimi ningeibeba. Niliomba aseme. Kwa mara ya kwanza tangu ile Jumapili nilitaka nimpoteze.

Delaney akamtazama baba yake muda mrefu.

"Ndiyo," akasema. "Wamesema kweli."

Kisha akamgeukia mama yake. "Nimekaa hapa nasubiri aseme uongo. Nasikiliza kila neno. Hakuna hata moja la uongo. Mama, hata jina la kocha hamlijui?"

Akalia, kilio kile kinachotoka tumboni, cha mtoto aliyeanguka kwenye lami. Paige akanyanyua mkono kumshika, akakumbuka haruhusiwi, akaurudisha mapajani.

"Inatosha," akasema Bi Trujillo, akamsogezea tishu.

Tukatoka. Wendell alijizuia mpaka kwenye kona ya ukumbi, halafu akalipuka.

"Binti yangu, weee! Yale machozi! Umeniua kabisa! Yule mama kaisha! Umejifunzia wapi kuigiza namna ile?"

"Sikuigiza, Baba."

Akacheka. Akanitazama mimi nicheke naye. Akamtazama Paige, akamkuta amegeukia ukuta mabega yanamcheza, na kicheko chake kikafa taratibu. Delaney alishatoka nje, ameingia kwenye gari langu na amefunga mkanda.

Wendell akanishika mkono pale maegeshoni. "Anatania, sivyo?"

"Muulize."

"Nimuulize nini?"

"Ndiyo hapo sasa, kaka."

Msaada ukatoka wote, hakuna dola iliyobaki ya kulipa. Mshauri akapewa chupa ya mvinyo.

Mwezi wa nane tukampeleka bwenini. Wazazi nao wakaja, kama ndugu wa kawaida waliokuja kubeba maboksi. Wendell amevaa kofia ya chuo, sweta la chuo na soksi za chuo, uso unang'aa, anawasalimia hata wapanda baiskeli. Aliamini kwamba sasa mchezo umekwisha, mtoto ataanza kuwa wake tena. Alisema hivyo njiani. Alikuwa na mipango ya boti.

Chumbani tukamkuta msichana watakayeishi naye, na mama yake, mwanamke mchangamfu anayetandika shuka huku anaongea.

"Karibuni! Na nyie ndio nani?"

Delaney akatutambulisha kwa adabu zote, hana hasira hata kidogo. Angekuwa na hasira ningefurahi.

"Huyu ni shangazi yangu Lorna, ndiye amenilea. Na huyu ni Daktari Wendell, kaka yake. Na huyu ni mkewe."

Wendell akasimama na boksi mikononi. Ofisi ya Bi Trujillo iko jengo la pili tu, mlango wa chumba uko wazi, watu wanapita, na msaada unapitiwa upya kila mwaka. Angesema nini? Akaliweka boksi chini, akanyoosha mkono.

"Nimefurahi kukufahamu," akasema.

"Ndugu wa kweli nyie, kuja kusaidia hivi!" akasema yule mama. "Na nyie mna watoto, Daktari?"

Paige akatoka nje haraka. Delaney alikuwa anapanga vitabu, mgongo umetugeukia, na nikaona mkono wake umesimama hewani na kitabu. Bado alikuwa anasubiri, masikini ya Mungu. Baada ya yote yale, bado.

"Hatukujaliwa," akasema kaka yangu.

Delaney akakiweka kitabu kwenye rafu.

Siku hizi mtoto hunipigia simu kila Jumapili. Baba naye hunipigia nusu saa baadaye, anataka kujua kasemaje, kama anakula, kama baridi haimsumbui. Huwa namjibu kwamba habari za mwanafunzi anapewa mlezi peke yake. Namwacha ateseke kidogo, kisha namwambia zote. Roho yangu si mbaya kiasi hicho. Amejifunza na jina la kocha, ingawa yule kocha alibaki sekondari.

Sasa funzo, maana najua mnalingoja. Wewe mzazi unayesoma hapa na mchongo wako mkononi, sikukatazi, endelea. Mchongo unafanya kazi, nimeuona kwa macho yangu ukifanya kazi mpaka mwisho. Delaney anasoma, ada imelipwa, boti ipo. Ila ukisimama mbele ya mtoto ukawaambia watu kwamba huyu si wako, sema taratibu, maana na yeye ana masikio, na siku moja anaweza kukuamini.